Jitahidi Moja kwa Watu Wote

Jumamosi tuliangalia tena Shaolin Soccer, ile filamu ya Stephen Chow ya mwaka 2001, kwenye kibanda cha video karibu na soko. Msimulizi wetu anachekesha, sikatai. Ila nina ugomvi naye: kila mtu akihangaika, yeye anasema "anajitahidi". Kocha mwenye mguu mbovu anajitahidi. Muokota makopo mwenye viatu vilivyotoboka anajitahidi. Bosi tajiri naye, eti anajitahidi!

Filamu ile wanaongea Kikantoni, lugha ya Hong Kong, na Kikantoni hakina umaskini huo. Alinieleza mfanyakazi mwenzetu aliyekulia kule. Shuleni mtoto anaandika Kichina sanifu lakini mdomoni ana Kikantoni, kama sisi na Kiswahili cha mtihani na kile cha nyumbani. Kwa hiyo kwenye hotuba mtu "anamaliza nguvu zake", zeon lik. Akitaka kutia chumvi, ametoa nguvu za ng'ombe tisa na simbamarara wawili. Barabarani ni bok meng: unauweka uhai wako mezani kama mcheza kamari. Na ile niliyoipenda kuliko zote, sik naai lik: umetoa hadi nguvu uliyonyonyea maziwa ya mama. Hiyo huiweki kwenye barua ya kuomba kazi, bana, watacheka. (Ga yau, "tia mafuta", ya kutiana moyo, imeshaingia hadi kamusi ya Oxford, mwaka 2018.)

Msimulizi maneno anayo: kufa na kupona, kukaza, kutoa jasho la damu. Angempa muokota makopo lile zito, bosi akabaki na jitahidi yake.

Nasema hivyo, na mimi je? Mwezi uliopita nilijaza ripoti ya kijana anayeamka saa tisa usiku kupanga foleni ya maji, anabeba matofali hadi mchana, ndio anakuja darasani. Kisanduku cha maendeleo kilikuwa kidogo. Nikaandika: "Anajitahidi." Mkubwa wangu akauliza kwa nini huyu apewe nafasi ya ufundi kuliko wengine kumi ambao nao, kwenye karatasi zangu, wanajitahidi. Sikuwa na jibu. Nafasi akapewa mwingine.

Kijana bado anakuja darasani. Fomu mpya ninayo tangu Jumatatu, sijaijaza.