Sentimita Tano za Udongo

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, anayejenga nyumba hana budi kuchimba msingi wenye kina cha sentimita 107 akiwa kusini mwa jimbo, na sentimita 152 akiwa kaskazini. Sheria ya ujenzi inataka hivyo kwa sababu ardhi huganda, na maji yaliyomo udongoni yakigeuka barafu hutanuka na kuinua chochote kilichokaa juu yake: ukuta, ngazi, hata nguzo ya uzio. Karibu na mji mdogo wa Tower, tarehe 2 Februari 1996, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Sasa chukua peoni. Macho yake, yaani vile vichipukizi vyekundu vilivyobeba majani na maua ya mwaka ujao, hupandwa chini ya udongo wa sentimita 5. Ukizidisha hapo, utapata majani matupu. Nyumba huzamishwa mita nzima na zaidi ili isiyumbe. Ua hufunikwa kwa udongo usiofikia urefu wa kidole, na Juni ikifika linachanua.

Mimea ya aina hii huitwa ya kudumu kwa kuwa haipandwi kila mwaka. Majani na mashina hufa baridi inapoingia, mizizi hubaki hai, na majira ya kuchipua yakirudi mmea huanza tena palepale ulipoachia. Kwa mtu aliyelelewa Tanga au Kisumu, ambako kiwanja cha nyumba hakikosi kitu kibichi mwaka mzima, bustani ya Minnesota mwezi wa Januari haionyeshi dalili yoyote kwamba ina mwenyewe. Ndiyo maana wengi wetu tunaoishi huku tunaridhika na vyungu vya sebuleni, karibu na dirisha. Siwalaumu. Lakini naamini wanapitwa na ufundi mmoja mkubwa kati ya yote ambayo mkono wa mkulima umewahi kujifunza: kutunza kiumbe usichokiona kwa miezi mitano au sita, na kuifanya baridi yenyewe ikutumikie.

Kazi hiyo huanza Agosti, watu wangali na fulana. Siku zinapoanza kufupika, mmea hupokea habari kabla yetu. Chakula kilichotengenezwa na majani huteremshwa mizizini. Baadaye, baridi ikianza kuuma, sehemu ya wanga uliowekwa akiba hubadilishwa kuwa sukari, kwa kuwa maji yenye sukari huchelewa kuganda. Tena maji mengi hutoka ndani ya seli na kwenda kugandia nje, katika nafasi zilizo kati ya seli na seli, ambako barafu haipasui kitu. Seli inabaki imenywea, imejaa utamu, iko hai. Mkulima anayeelewa jambo hili huacha kutia mbolea ya naitrojeni mapema, kiangazi kikiwa bado katikati. Mbolea ya kuchelewa huuamsha mmea utoe majani mororo wakati unapotakiwa kujikaza, na majani hayo ndiyo ya kwanza kuungua kwa jalidi.

Peoni inakwenda mbali zaidi, kwani inaihitaji baridi. Macho yake yakikosa majuma kadhaa ya halijoto iliyokaribia kuganda hayaamki sawasawa, hata uyamwagilie na kuyabembeleza vipi. Wakulima wa Naivasha wanajaza ndege waridi za kupeleka Ulaya, lakini usiku wao hauna ubaridi wa kuliamsha ua hili shambani. Mombasa ndiyo usiseme. Mtu wa Minnesota amepewa bure kitu ambacho joto lote la pwani yetu haliwezi kukinunua. Ukishalijua hilo, unaacha kuhesabu majira ya baridi kuwa ni muda uliopotea.

Kinachoiua mimea hii mara nyingi ni joto lililokosa subira. Mwezi wa Machi jua hupata nguvu, udongo wa juu huyeyuka mchana na kuganda tena usiku, kesho hivyohivyo, na kila ugandapo huinua kidogo kilichopandwa ndani yake. Mmea uliopandwa mwaka uliopita, ambao mizizi yake haijashika, husukumwa juu hadi shina lake la chini likae wazi kwenye upepo mkavu, mizizi imekatika. Ukipita bustanini asubuhi utauona umeinama kando ya kishimo chake, mizizi midogo imening'inia kama nyuzi za mkeka uliofumuka. Dawa ni kuurudisha kwa kiganja, kuukandamiza taratibu, na kuongeza udongo pembeni. Lakini kinga ni bora kuliko dawa, na kinga yenyewe inamshangaza kila mgeni: tunangoja ardhi igande kwanza, mwishoni mwa Novemba au hata Desemba, ndipo tunapotandaza nyasi kavu au majani ya mialoni, unene wa sentimita 10 hadi 15. Anayetandaza Oktoba, udongo ungali na joto, huwakaribisha panya wa shambani na uozo. Anayengoja hutandaza kwa nia moja, kwamba baridi ikishaingia isitoke hadi aseme yeye. Sijui kazi nyingine ya kilimo inayodai mtu aielewe baridi kwa kiwango hicho, mpaka aifunike ili isimponyoke.

Theluji hufanya kazi hiyohiyo, tena bila malipo. Theluji iliyoanguka sasa hivi ni hewa kwa sehemu kubwa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Chini ya theluji ya sentimita 30 udongo unaweza kukaa karibu na sifuri wakati juu yake hewa imeshuka hadi nyuzi 30 chini ya hapo. Kwa hiyo mwaka wa theluji nyingi hautuogopeshi. Tunaogopa mwaka wa baridi kavu, ardhi ikiwa uchi. Wenye busara, wanapoondoa theluji njiani kwa beleshi, huirushia kwenye matuta ya maua, ilimradi haijachanganyika na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo ni sumu ya mizizi.

Wataalamu wa Idara ya Kilimo ya Marekani walitoa ramani ya kanda za baridi mwaka 1960, na ya karibuni ilitoka mwaka 2023. Sehemu kubwa ya Minnesota imo katika kanda ya 3 na ya 4. Ya 4 maana yake ni kwamba usiku wa baridi kuliko wote katika mwaka, kwa wastani, hufika kati ya nyuzi 29 na 34 chini ya sifuri. Ramani ni kitu cha kuheshimiwa na kila anayenunua mche anapaswa kuiangalia. Hata hivyo haikuambii ni pembe ipi ya nyumba yako inayokusanya theluji, wala ni wapi maji husimama Aprili. Hayo hujulikana kwa miguu. Maji yaliyotuama juu ya mizizi iliyolala huozesha mimea ambayo usiku wa Januari ulishindwa kuigusa.

Jambo lingine ambalo macho hulikataa mwanzoni ni kuacha mashina makavu yasimame. Ekinasia, liatrisi na asta, maua ya mbuga za huku ambayo yalikuwepo kabla ya jembe lolote la Mzungu, yanapendeza zaidi yakiachwa hivyo. Mashina hunasa theluji na kuilaza juu ya mizizi yao wenyewe, ndege wadogo wa manjano hudonoa mbegu za ekinasia, na nyuki wasioishi mzingani hutaga ndani ya mashina yaliyo wazi katikati. Watu wa Dakota, wenyeji wa nchi hii, waliitumia ekinasia ya mbugani kama dawa vizazi na vizazi. Waliijua mizizi yake kabla ya sisi kuyasifu maua yake. Aliyepanda Kilimanjaro na kupita Barranco ameliona jambo la namna hii kwa macho yake. Sinesio kubwa za pale hazidondoshi majani yaliyokufa. Huyavaa kuzunguka shina zima, nayo hulikinga na jalidi ya kila usiku, huku majani mabichi ya kileleni yakijikunja jioni kulifunika chipukizi. Haziwezi kuishi Minnesota, kwa kuwa baridi yao ni ya usiku mmoja mmoja, lakini siri ya kufanya kilichokufa kikilinde kilicho hai ni ileile. Peoni tu ndiyo ninayoitoa katika kanuni hii. Majani yake hubeba ukungu wa kuozesha vichipukizi, kwa hiyo hukatwa karibu na ardhi na kuondolewa kabisa.

Nalirudia ua hili kwa sababu umri wake unanishughulisha. Peoni iliyopandwa mahali penye jua na pasipotuama maji inaweza kuishi miaka 100. Aina iitwayo 'Festiva Maxima', nyeupe yenye madoa mekundu katikati, ilitolewa Ufaransa mwaka 1851 na bado inauzwa. 'Sarah Bernhardt', ya waridi, ilitoka mwaka 1906 katika kitalu cha Lemoine, naye mwigizaji aliyepewa jina hilo alikuwa angali hai. Na Faribault, mji ulio kusini mwa Minneapolis, ulipata sifa ya kuwa makao makuu ya peoni kutokana na kitalu cha familia ya Brand. Kule Ujerumani, Karl Foerster, aliyezaliwa mwaka 1874 na kufariki mwaka 1970, alitumia maisha yake katika kitalu cha Bornim, Potsdam, akichagua maua ya kudumu na kuyatupa yale yote yaliyohitaji kudekezwa. Bustani yake ingalipo na watu huitembelea. Namheshimu kwa ukali ule wa kutupa. Ua linalomtaka mwenye nyumba mdogo, mwenye kazi ya zamu na watoto, akeshe kwa ajili yake si ua la kumpa.

Jiji ninaloishi lina Wakenya wengi, hasa kutoka Kisii, na peoni yangu ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja wa huko aliyestaafu uuguzi. Alinionyesha kazi yenyewe Septemba, ndio mwezi wake. Alikata majani, akachimba kuzunguka kwa sepeto mbali na shina, kisha akainyanyua kwa uma wa bustani. Kilichotoka kilikuwa zigo la mizizi ya kahawia, minene kama mihogo michanga, imeshikana na udongo. Akaisafisha kwa maji ya mpira na kuiacha kivulini ilegee, kwani mizizi iliyotoka ardhini muda huohuo huvunjika ovyo. Ndipo yakaonekana macho, mekundu, yaliyochongoka, yamejipanga kwenye kichwa cha mizizi. Alikata kwa kisu kikali, kila kipande na macho yake matatu hadi matano na mizizi ya kuyalisha. Nilipoanza kuchimba shimo kwangu alinisimamia. "Usiyazike, mwanangu," aliniambia. "Hayo ni macho, yanataka kuona baridi." Nikamjibu, "Sawa, mama," nikapunguza kina.

Zigo moja hutoa vipande vingi kuliko nafasi ya mtu mmoja, kwa hiyo ufundi huu humlazimisha mwenyewe kugawa. Mtaani kwetu hakuna anayeuza. Anayepokea ajue mapema kwamba mwaka wa kwanza ataona majani machache, wa pili labda ua moja dogo, na kwamba ni kuanzia wa tatu ndipo mmea unapomlipa. Sisimizi wakijaa kwenye vitumba asiwapulizie dawa: wanalamba utamu unaotoka humo na hawadhuru kitu. Kipande chenye macho matatu kinatosha kuanzia. Kifungwe kwenye gazeti lenye unyevu, kisikae ndani ya mfuko wa plastiki kikatoka jasho, na kiingie ardhini walau majuma sita kabla haijaganda.