Suluhu na Sare

Lugha yetu ya michezo ina maneno mawili kwa jambo ambalo wengi hulidhania kuwa moja. Timu zikitoka uwanjani bila bao, mtangazaji husema suluhu. Zikifungana bao moja kwa moja, husema sare. Naiazima tofauti hiyo kwa ajili ya mchezo wa sataranji niliouangalia baina ya wanachama wawili wa klabu, watu wa kucheza jioni baada ya kazi. Uliisha bila mshindi, na waliosimama pembeni wakasema wamepotezewa muda. Naona hawakuutendea haki.

Mwenye kete nyeupe alikuwa na maaskofu wawili. Katikati ya mchezo alikubali kubadilishana yule wa miraba myeusi, akabaki na wa miraba myeupe. Ilionekana biashara ya haki, kitu kwa kitu. Lakini askofu hatoki kamwe katika rangi aliyoanza nayo, na kila kona ya ubao ina rangi yake. Hapo ndipo ushindi ulipopotea, si mwishoni kama wengi walivyodhani.

Mwishoni mweupe alikuwa na askofu huyo na askari wawili, g5 na h5. Mweusi alibakiwa na farasi tu. Akamtoa kafara: farasi akamla askari wa g5, naye akaliwa na mfalme. Watazamaji wakaguna. Kumbe mwenzetu alishahesabu: askari aliyebaki angepandia cheo h8, mraba mweusi, ambao askofu yule hawezi kuufikia. Mfalme mweusi akakimbilia kona hiyo, na hapakuwa na wa kumtoa humo. Hatimaye akakosa pa kwenda huku hatishiwi na kete yoyote, na kwa kanuni za sataranji hiyo ni sare.

Katika bao letu mambo ni mengine: aliyeishiwa njia ya kucheza ameshindwa. Kanuni ya sataranji naipenda zaidi, kwa kuwa inampa mnyonge sababu ya kufikiri mpaka mwisho.

Kasoro ya mchezo huu, basi, haimo katika matokeo. Imo katika kubadilishana kumoja kulikofanywa haraka, na uzuri wake umo katika farasi aliyetolewa kwa wakati wake. Mchezo wenye mambo hayo mawili siuiti suluhu. Ni sare, na kila mmoja aliilipia nusu pointi yake.