Funzo la "Watoto wa Mama N'tilie", likisomwa machimboni

Kuna vitabu tulivisoma kwa ajili ya mtihani tu, tulipovifunga, basi. "Watoto wa Mama N'tilie" cha Emmanuel Mbogo (Heko, 2002) ni kimojawapo. Waliokisoma kidato cha tatu na cha nne wanakumbuka orodha ya dhamira: umaskini, ulevi, dawa za kulevya. Nimekirudia nikiwa hapa Katoro, Geita, na naona ile orodha ilitunyima sehemu nzuri ya riwaya.

Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Baba yao, Mzee Lomolomo, pesa zake zinaishia kwenye pombe. Mama anauza chakula, na nyumba nzima iko mgongoni kwake. Peter anaangukia mtaani, na huko ndiko dawa za kulevya zinakomkuta. Mbogo anatuonyesha njaa kwanza, unga baadaye. Kwa mpangilio huo nampa maua yake.

Kinachonisumbua ni kinachofuata. Ulevi wa Lomolomo unabaki shauri la nyumbani, lakini vijana wakishagusa unga, kesi ni ya polisi. Walimu wetu wakaliita hilo funzo. Funzo gani hasa? Kwamba ukiuza utakamatwa? Mwenye njaa hilo analijua, na anaenda hivyohivyo.

Huku kwetu, kuanzia Geita hadi Kahama, tumeliona funzo hilo likifanyiwa kazi. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, pombe kali za kwenye pakiti za plastiki. Sibishi sababu zake: vilikuwa rahisi, na hata mtoto wa shule aliweza kukificha mfukoni. Lakini kinachomfanya mchimbaji mdogo atafute kitu kikali hakikuondoka na pakiti: kiza cha duara, hofu ya kufukiwa, wiki nzima bila hela kwa kuwa mwamba haujatoa kitu. Na gongo, iliyokatazwa tangu enzi za mkoloni, bado inapikwa.

Kuna njia nyingine, tena hatuhitaji kuzitafuta mbali. Mwaka 2011 Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watumiaji wa heroini: mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anaweza kurudi kazini. Ureno nayo, tangu 2001, anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hapelekwi jela, anapelekwa mbele ya kamati. Muuzaji bado anashtakiwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni marufuku au ruksa tu.

Mimi bado sijasoma riwaya ya Kiswahili ya mtu anayepanga foleni ya methadoni asubuhi, akiogopa kuonwa na jirani, huku mkewe akihesabu siku. Wallahi, mgogoro upo hapo wa kutosha! Waandishi, hiyo iko wazi.

Na walimu mnaofundisha kitabu hiki, hebu badilisheni swali. Badala ya "Taja madhara ya dawa za kulevya," ulizeni: nani angeweza kumzuia Peter, lini, na kwa shilingi ngapi? Mbogo ameshajibu, tena mapema kabisa. Ni bei ya ada na sare.