Hii Iache Kwanza

Masika yakianza, watalii hupungua na magari ya safari hurudi mjini. Kuanzia mwezi wa nne gereji za Arusha, zile zenye geti na mlinzi na zile gereji bubu za chini ya mti, hujaa Land Cruiser na Land Rover zilizoachama boneti. Mji huu una mafundi wanaokata chesisi ya Land Cruiser katikati, wakairefusha, wakaifungia paa la kuinuka, na gari likaenda Serengeti na kurudi msimu baada ya msimu. Hao sifa wanazo na hela wanalipwa. Mimi nataka kumsifu fundi ambaye kazi yake hata mwenye gari haioni: yule anayeletewa gari kuukuu lenye kasoro ishirini na hela ya kutengeneza tano, akajua ni tano zipi.

Nilimkuta mmoja akiwa na Land Rover 110, pikapu ya mama wa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Inabeba matenga ya nyanya kwenda mnadani Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Injini ni 300Tdi, dizeli ya lita 2.5 iliyoanza kufungwa kwenye Defender mwaka 1994. Njia yake inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye vumbi la jivu la volkano wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, kisha inashuka mpaka barabara kuu ya Moshi pale Usa River. Mama alikuwa na laki sita na malalamiko yake kayapanga: mlango wa kushoto haufungi, asubuhi gari linatoa moshi, oili inadondoka, rangi imebabuka.

Fundi hakufungua boneti. Alimwamkia, akauliza, "Mama, unapakia matenga mangapi, na pale kwenye mteremko unashuka na gia ya ngapi?" Swali hilo lilinipendeza kuliko spana zote za siku ile. Gari la kupeleka watoto shule Njiro na gari la nyanya linaloshuka mlimani likiwa limeshiba mzigo yanaweza kuwa na ugonjwa uleule, lakini la kwanza likavumilia mwaka na la pili lisimalize wiki.

Kisha akaingia chini na nyundo ndogo, akawa anagonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma, sikio kalitega. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinaitikia kama kibuyu. Land Rover humdanganya mwenyewe hapa. Tangu ile ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948 bodi yake ni ya alumini, kwa kuwa chuma Uingereza baada ya vita kilikuwa cha mgao. Bodi haishiki kutu, kwa hiyo watu huitazama wakasema gari bado jipya, na huku chesisi ya chuma inaliwa polepole ndani ya matope yasiyooshwa. Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover na mamia ya magari yakaandamana barabarani, yametakata, nilishangilia kama wengine. Ila kila lililosimama karibu nilijikuta nachungulia chini yake.

Akapiga jeki tairi la mbele, akalishika juu na chini, akalitikisa. Linacheza. Akawasha injini, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye pampu ya maji na mpini sikioni, akasikiliza, akahamia alternata. Kijana wa VETA aliyekuwa pale kwa fildi akapewa bisibisi naye asikilize. Akasema hasikii kitu. "Ndiyo," fundi akamwambia, "maana yake nzima. Sasa isikie ilivyo nzima."

Vitabu vya matengenezo ya magari haya vimeandikwa kwenye nchi ambako saa moja ya fundi ni ghali kuliko spea nyingi. Kule kung'oa alternata na kufunga nyingine ni busara. Arusha hesabu imepinduka: spea imevuka bahari na kulipiwa ushuru, fundi yupo na mikono yake. Kwa hiyo alternata inafunguliwa, inawekwa brashi mpya za kaboni; rejeta inachokonolewa na kuzibwa kwa lehemu; kiatu cha breki kinapigwa riveti upya. Wageni huona umaskini, mimi naona hesabu sahihi. Na fundi mwenye akili anajua pia inapogoma.

Ile oili ilikuwa ikidondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Sili ya nyuma ya krenki imechoka. Sili yenyewe ni hela ndogo, lakini kuifikia ni kushusha giaboksi, na gari likilala gereji siku mbili nyanya zinaozea shambani. Klachi nayo bado inashika vizuri. Mama alitaka ishushwe leo. "Hii iache kwanza, mama. Klachi ikianza kuteleza, tunashusha mara moja, tunaweka klachi, beringi yake na sili, ufundi unalipa mmoja. Kwa sasa nunua galoni ya oili uiweke nyuma ya kiti. Pima kila asubuhi kabla hujawasha." Moshi wa asubuhi ulikuwa ukiisha injini ikipata joto: nao uachwe. Mlango ukafungwa kwa mpira wa tyubu. Rangi hakuijibu kabisa.

Sehemu kubwa ya laki sita aliipeleka mahali ambapo hakuna aliyelalamika: mkanda wa tayming. Beringi hulia, padi za breki hukwaruza, rejeta hutoa mvuke. Mkanda huu hukatika bila kuaga, vali zikagongana na pistoni, na hapo huenda ukanunua injini. Mtengenezaji mwenyewe alishauri ubadilishwe mapema zaidi kwenye nchi za vumbi, na hakuna aliyejua huu ulifungwa lini. Mama alinung'unika, na haki anayo: analipia kitu kizima huku mlango ukiwa na mpira wa tyubu. Kumshawishi mtu mwenye hela kidogo aitumie kwenye kisichoonekana ni nusu ya ufundi, na haifundishwi chuoni. Yupo fundi mwingine, tunamjua sote, ambaye angekubali kila alichoambiwa, angepiga rangi, na mama angeondoka akimbariki.

Beringi za mbele alizibadilisha na sili zake, kwa sababu tairi linalocheza halisubiri. Linakula na vya jirani. Mipira ya breki ilikuwa imepasukapasuka, akaagiza mipya dukani. Hapa mimi huwa sielewani na mafundi wengi wa mji huu. Mtumba una heshima yake: giaboksi ya mtumba, sawa, mlango wa mtumba, hata bora. Mpira wa breki wa mtumba hapana. Ukioza ndani huoni nje. Unavimba pedali inapokanyagwa, na mafuta yanayopaswa kusukuma padi yanabaki yakiutanua. Kwenye tambarare utasema breki ni laini, kwenye mteremko wa Ngurdoto na matenga nyuma utasema mengine.

Fundi alipomaliza kuitoa mipira ya zamani hakuitupa. Alichukua msumeno wa chuma, akaikata vipandevipande, kila mmoja mara tatu, akisimama kuufuta msumeno mafuta. Nikamuuliza kazi yote hiyo ya nini kwa takataka. "Nikiitupa nzima," akasema, "kesho iko mezani kwa muuza spea, imesuguliwa na dizeli, inang'aa. Na keshokutwa mteja wangu mwenyewe ananiletea niifunge."