Simu ya Bei Ndogo, Mlango Mmoja

Wandugu, tuongee kidogo juu ya simu. Kwa nini simu mbili zinazofanana bei zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa, na kwa nini anayelipa hasara mara nyingi ni mwenye feza kidogo?

Angalia mtu anayenunua simu. Maulizo yake tunayajua: betri inabeba siku ngapi? Kamera iko namna gani? Inapokea kadi mbili? Iko na torshi? Akitaka kujua zaidi atasema: "Yaya, hii inachukua WhatsApp?" Muuzaji anajibu ndiyo, na bei inaanza kujadiliwa. Hakuna anayeuliza: itachukua WhatsApp mpaka mwaka gani? Na hiyo programu moja ikiondoka, simu itabaki na nini?

Mimi nasema hilo njo ulizo la kwanza. Simu yenye programu chache haina ubaya kwa sababu ni chache. Ubaya ni kwamba thamani yote ya simu inasimama juu ya moja ao mbili, na hizo si za mwenye simu, wala si za aliyemuuzia.

Tuchukue mfano ambao wengi wetu tunaujua. Mwaka 2019 kampuni ya Orange ilitoa simu inayoitwa Sanza kwa ajili ya Afrika, na Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizolengwa. Bei ilianzia karibu dolari 20. Ni simu ya vifungo, kioo kidogo, lakini inaingia intaneti. Ndani yake kuna mfumo wa KaiOS, uliozaliwa kutoka Firefox OS ya Mozilla. Tanzania nao walipata ya kwao mwaka uleule: Vodacom ilileta Smart Kitochi, yenye mfumo huohuo. Na mwezi wa 7 mwaka 2019 WhatsApp ikafunguliwa kwa simu nyingi za KaiOS.

Tusiwe wabaya, hii simu ilikuwa na akili yake. Kwa mtu wa Lubunga, ambako umeme si wa kila siku na kuchajisha simu kunaweza kuwa na bei yake, simu inayokaa siku kadhaa bila kuchajishwa si jambo dogo. Kioo kidogo kinakula betri kidogo, na mega zinakwenda polepole. Mama anayeuza samaki, kijana wa toleka, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wote waliweza kuingia WhatsApp bila kutafuta dolari 80 ao 100. Wale waliocheka hiyo simu walicheka kwa sababu walikuwa na kubwa mfukoni.

Lakini angalia lilipokuwa tatizo. KaiOS iko na duka lake la programu, KaiStore. Ukilinganisha na lile la Android, ni kama butiki ya kona mbele ya soko kuu. Kulikuwa na michezo, habari, hali ya hewa. Vile watu walivyotafuta kweli vilihesabika kwa vidole: WhatsApp, Facebook, YouTube na vichache vya Google. Kwa wengi, njo kusema simu ilikuwa WhatsApp yenye vifungo.

Kisha likaja lililokuja. Tangu tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2024, WhatsApp haikupatikana tena katika KaiStore. Waliokuwa nayo tayari waliambiwa wataendelea mpaka mwanzo wa 2025, kisha basi. Na mazungumzo ya zamani hayakuweza kuhamishwa kwenda Android.

Fikiri vizuri hapo. Simu haikuvunjika. Betri bado nzima, vifungo vizima, torshi inawaka, redio inaimba. Hakuna fundi wa kuitengeneza kwa sababu hakuna kilichoharibika. Lakini kile kilichomtoa mtu feza mfukoni kimeondoka, na uamuzi ulichukuliwa mbali sana, na watu ambao pengine hawajawahi kusikia jina la Lubunga.

Wengine watasema: ni kosa la simu ndogo, ungenunua ya kampuni kubwa. Hapana. Hii shida haiangalii ukubwa wa kampuni. Mwezi wa 2 mwaka 2013, Microsoft na Huawei walitangaza simu inayoitwa Huawei 4Afrika, yenye mfumo wa Windows Phone, kwa nchi saba za Afrika. Kenya, Nigeria na Kodivaa zilikuwemo. Walengwa walitajwa wazi: wanafunzi wa vyuo vikuu, watengenezaji wa programu, na watu wanaonunua simu yao ya kwanza ya kisasa. Sawa sisi kabisa! Na Microsoft haikukosa feza: ilinunua hata kitengo cha simu cha Nokia. Walioshika Windows Phone mkononi wengi walisifu wepesi wake.

Ilishindwa wapi? Watengenezaji wa programu waliangalia na kusema: watu ni wachache, kwa nini tujisumbue? Wanunuzi nao waliangalia na kusema: programu ni chache, kwa nini tununue? Kila upande ulingojea mwenzake. Tangu 31 Desemba 2019 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye Windows Phone zote. Kama Microsoft na feza zake zote haikuweza kuvunja hilo duara, tusishangae KaiOS nayo ikichoka.

Sasa, kwa nini jambo hili ni zito zaidi kwetu? Kwa sababu ya namna simu inavyosafiri. Mtu wa Bruxelles ao wa Nairobi ataona programu imekataa, atakasirika siku mbili, kisha atanunua nyingine. Ile ya zamani haitupwi. Inashuka. Inatoka kwa mwenye nacho inakwenda kwa mdogo wake, inauzwa okazio mjini, inavuka mto kwa mtumbwi, mwisho inamfikia aliyekusanya feza miezi mitatu. Yeye njo wa mwisho kuinunua, na yeye njo inayemfia mkononi.

Na hapo msiniambie hii ni hadithi ya simu za vifungo tu. Android nazo zinazeeka. Mwezi wa 11 mwaka 2021 WhatsApp iliacha Android zote zilizo chini ya 4.1. Tarehe 24 Oktoba 2023 ikapandisha tena: chini ya 5.0 hakuna. Kila mara mstari unapopanda, kuna simu zinazolala. Muuzaji wa okazio anaweza kujua, mnunuzi hajui. Rangi inang'aa, kioo hakina ufa, bei ni nzuri. Kumbe bei ni nzuri kwa sababu mlango umeshafungwa ao uko karibu kufungwa.

Kuna uhaba mwingine unaojificha zaidi. Simu ni ya Android, duka lake lina programu kwa mamilioni, lakini memori ni ndogo. Mfumo wenyewe umekula nafasi, WhatsApp na picha za makundi zimekula iliyobaki. Ukitaka kuweka kamusi, inakwambia nafasi imejaa. Unafuta kimoja ili uingize kingine, wiki ijayo unarudisha kile cha kwanza kwa mega nyingine. Huyu naye ana programu tano tu, hata kama karatasi ya boksi inasema milioni. Google walijua shida hii, njo maana walileta Android Go kwa simu zenye nguvu ndogo, pamoja na programu nyepesi. Lakini hata hizo nyepesi si za milele: YouTube Go, iliyosaidia watu kuweka video na kupitishana bila kula mega, ilifungwa mwezi wa 8 mwaka 2022.

Najua kuna wenye wazo tofauti, na ni wazo la kusikilizwa. Wanasema: programu chache ni amani. Mwanafunzi mwenye simu ndogo hapotezi usiku kwenye TikTok, anasoma. Ni kweli kwamba simu kubwa inakula saa. Lakini tutofautishe: kuchagua kufunga na kukosa kabisa si kitu kimoja. Mwenye simu kubwa akifuta TikTok, kesho anaweza kufungua PDF ya silabusi. Mwenye simu ya mlango mmoja hakuchagua kitu. Ile PDF ya kurasa 120 akiipata, ataisomea wapi? Kwenye kioo cha inchi mbili na nusu?

Na hapa lawama inatugeukia sisi wenyewe, tuliosoma na wanaosoma. Nani aliamua kwamba ratiba ya mitihani inatangazwa ndani ya kundi la WhatsApp la promosio peke yake? Asista anaandika saa tatu usiku: kesho TP saa mbili. CP anaipitisha. Mwanafunzi anayekaa Lubunga, ambaye anapashwa kuvuka mto ili afike masomoni, akikosa ujumbe huo amekosa mtumbwi, amekosa TP, amekosa pointi. Hakuna sheria iliyosema kila mwanafunzi awe na Android mpya. Lakini tumeiandika hiyo sheria kwa desturi yetu, bila kura. Kampuni ikiondoa programu, inaumiza mwenye simu ndogo. Sisi tukiweka kila kitu ndani ya programu hiyo moja, tunamuumiza mara ya pili.

Linganisha na feza ya simu. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money: unapiga namba yenye nyota na ngazi, menyu inakuja, unatuma, umemaliza. Inafanya kazi kwenye simu ya 2G ya miaka kumi iliyopita. Kwa nini? Kwa sababu huduma inakaa kwenye mtandao, haikai ndani ya simu. Hakuna duka la programu katikati la kusema hii ndiyo, ile hapana. Wale waliopanga hivyo walifikiria simu ambazo watu wanazo. Tangazo la TP linaweza kwenda kwa SMS vilevile. SMS moja ya CP kwa wale kumi wasio na WhatsApp haifilisi promosio.

Serikali nayo ilipima vibaya. Mnakumbuka RAM, ile kodi iliyoanza Septemba 2020 na kukatwa ndani ya unite zetu mpaka ikaondolewa 2022 kisha makelele mengi? Ilipanga simu kufuata mtandao: 2G kwao, 3G na 4G kwao, mpaka dolari 7 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, simu ya vifungo yenye 3G iliingia kundi moja na simu za dolari mamia. Kodi iliangalia mtandao, haikuangalia simu inamfanyia mwenyewe kitu gani.

Basi tufanye nini? Anayekwenda kununua, ao anayetumwa na mdogo wake kumsaidia kuchagua, auliza mambo matatu kabla ya kutoa feza. Kwanza, mfumo ni upi, na ni namba ngapi? Ingia ndani ya parametre, usome kwa macho yako. Usitosheke na neno la muuzaji. Pili, nafasi iliyo tupu ni ngapi? Angalia iliyobaki kweli, acha ile iliyoandikwa kwenye boksi. Tatu, weka hapohapo programu mbili unazohitaji kweli, uone kama zinafunguka. Muuzaji akikataa ujaribu, umeshapata jibu. Na ukikuta simu ambayo ikipoteza programu moja haina kazi nyingine kwako, ihesabu kama simu ya mwaka mmoja, na ulipe bei ya mwaka mmoja.

Kwa kampuni zinazotuletea simu za bei ndogo, ombi ni moja na si la gharama: andikeni kwenye boksi, kwa lugha tunayosoma, programu zinazotajwa zina ahadi mpaka mwaka gani. Maziwa ya kopo yana tarehe ya mwisho. Simu ya dolari 20, kwa mtu aliyeilipa kwa miezi mitatu, inastahili tarehe vilevile.