Mahame na Ramani

Wako watafutao vijiji vilivyosahauliwa kwa kulinganisha ramani za Wajerumani na daftari za reli. Kazi yao twaisifu. Ila twakataa neno lao moja, kwamba jina lisipoonekana tena, basi na watu wake wametoweka.

Ramani walizochora Sprigade na Moisel huko Berlin, kabla ya vita vya 1914, zimejaa majina, na mengi si ya mahali bali ya majumbe. Mgeni aliuliza, “Hapa ni wapi?” Akajibiwa, “Kwa fulani,” naye akaandika. Jumbe akifa, kijiji chaitwa kwa jina la mrithi wake, na watu wangali pale pale penye makaburi ya babu zao. Tena asiyejua kwamba Mpapua ni Mpwapwa na Moschi ni Moshi atazika miji miwili iliyo hai!

Reli nayo ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, na wengi walihamia karibu na stesheni. Lakini daftari la stesheni lahesabu magunia yaliyopakiwa. Halisemi yalilimwa wapi.

Waliohamishwa mwaka 1973 hadi 1976 kwenda vijiji vya ujamaa, hao kweli waliacha mahame, na hapo ramani ya kale ni shahidi mwema. Hata hivyo, mwalimu aendaye nayo na aikunje kwanza, awaulize wazee ile miembe iliyobaki porini ilipandwa na nani.