Mwalimu Asiyesema: Taaluma na Ukimya katika Admiring Silence ya Abdulrazak Gurnah
Admiring Silence (1996) aghalabu husomwa kama riwaya ya uhamishoni. Usomaji huo una mashiko, ila unaipuuza kazi ya msimulizi. Mzanzibari huyu asiyetajwa jina ni mwalimu jijini London. Ana elimu, mshahara na makazi. Ukimya wake, basi, hautokani na uhaba wa lugha, kwani darasani hulipwa ili aseme. Nyumbani humtungia Emma, mwenzi wake, visa vya kwao. Baba mkwe humtungia visa vya himaya ya Waingereza, maana ndivyo apendavyo kuvisikia. Jamaa zake Zanzibar nao amewaficha kwamba ana mwenzi na binti. Anaporejea baada ya miaka 20 na kutafutiwa mchumba, ndipo analazimika kusema. Akirudi London, Emma anamwacha. Gurnah anaonyesha kuwa taaluma humpatia mhamiaji ajira, lakini haimpatii msikilizaji. Upungufu ni kwamba darasa lenyewe limepewa nafasi finyu, ilhali ndipo mahali pekee ambapo sauti ya msimulizi ina mamlaka. Uhakiki wa fasihi ya uhamaji hauna budi kuichunguza kazi ya mhusika sawia na safari yake.